Mfarishi wa kanga za Bibi: uzi wa pamba au wa poliesta?

2 Machi

Nimefungua sanduku la Bibi asubuhi. Harufu ya udi bado imo, na chini yake harufu ya ukungu wa masika ya mwaka jana. Nimetoa kanga 14. Mama ameniruhusu nikate zote isipokuwa kisutu cha harusi. Hicho amekirudisha sandukuni kwa mkono wake.

Mpango ni mfarishi wa kitanda cha Mama. Analala chumba cha uani, dirisha linatazama kusini, na ikifika Juni upepo wa kipupwe unamwingia magotini. Mablanketi ya dukani hayataki, anasema yanamwasha na kumtoa jasho. Nataka kitu cha pamba tupu: juu kanga, katikati lile blanketi jepesi la pamba lililokwisha kulainika, chini merikani.

Hesabu: upana inchi 60, urefu inchi 80. Kila kiraka nakikata inchi tano na nusu, robo inchi inaliwa na mshono kila upande, kinabaki cha inchi tano. Viraka 12 kwa 16, jumla 192. Merikani nimenunua yadi tano, upana ni inchi 36, kwa hiyo vipande viwili vitashonwa pamoja. Nimeiloweka maji ya moto usiku kucha kabla ya kuikata. Imerudi karibu inchi nane. Anayeruka hatua hii atakuja kuuona mfarishi wake umejikunja siku ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kanga nimezishika moja moja dirishani kuangalia mwanga. Kwenye pindo nguo bado imeshikana. Kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, pale Bibi alipokuwa akifunga fundo kifuani miaka nenda miaka rudi, mwanga unapita kama kwenye chandarua. Mbili zimechanika nilipozivuta kidogo tu. Nimeziweka pembeni, sikuzitupa.

9 Machi

Mstari wa kwanza, viraka 12. Cherehani ni ile Singer ya mkono ya Bibi, sindano namba 90, uzi ule nilionunua mwezi uliopita katika duka moja hapa mjini. Karatasi ya rili imeandikwa pamba asilimia 100.

Umeme ulikatika saa nne. Nikawasha pasi ya mkaa, nikaipepea vizuri, nikaanza kulaza mishono kwa nyuma. Ya kwanza mpaka ya nne ilikaa sawa. Ya tano ilijikunja mbele ya macho yangu. Kanga yenyewe haikuungua, ila mshono ulijivuta ukawa mfupi kuliko nguo, na uzi nilipoupitisha ukucha ulikuwa mgumu, unakwaruza kama mwiba wa samaki.

Pamba haifanyi hivyo. Pamba ikizidiwa na joto hugeuka hudhurungi halafu huungua. Haijikunji.

10 Machi

Nimeuchoma. Kipande cha uzi urefu wa kidole, kibano cha nyusi, kiberiti, sahani ya bati. Uzi ulianza kuukimbia moto kabla haujaguswa, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi, na moshi ulikuwa na harufu tamutamu ya dawa. Tone lilipopoa lilikuwa gumu kama punje ya pilipili manga.

Kisha nikachomoa uzi mmoja wa kanga. Huo uliwaka kama karatasi, ukanuka karatasi, ukaacha jivu la kijivu ambalo nililisugua kati ya vidole likapotea.

Kwa hiyo nilichouziwa ni poliesta. Nimekasirika, si kwa sababu ya bei, bali kwa sababu viraka vile viwili vilitoka kwenye kanga ambayo haipo tena dukani wala popote. Nimevifumua kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, imenichukua saa nzima.

Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 na kidogo zaidi. Pasi ya umeme ikiwekwa alama ya pamba hufika kama 200, ndiyo maana mtu anaweza kushona kwa uzi huu miaka mingi asijue. Pasi ya mkaa haina kipimo. Nyumba inayopiga pasi kwa mkaa ina sababu ya kujua uzi wake ni nini, na kiberiti kimoja kinatosha kuujua.

15 Machi

Nimekwenda barazani kwa fundi mzee anayeshona sare za shule. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akauliza kama cherehani imekataa. Nikamweleza kwamba natafuta uzi wa pamba.

“Wa nini?” akasema. “Mimi nashona suruali za watoto. Mtoto akiruka ukuta, mshono wa pamba haurudi naye nyumbani.”

Alinionyesha koni yake, poliesta 40/2. Namba ya kwanza ni wembamba: kadiri inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Kwa hesabu ya zamani ya Waingereza, namba 40 maana yake vichane 40 vya yadi 840 kila kimoja ndivyo vinatimiza ratili moja. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Akakata urefu wa shubiri, akauvuta kwa mikono miwili, ukavutika, akauachia, ukarudi. Akasema uzi wa nguo ya kuvaa lazima ujue kuvutika, kwa sababu magoti yanakunjwa na makwapa yananyanyuliwa. Uzi wa pamba ukiuvuta asilimia chache tu kupita urefu wake, unakatika.

Hapo sikuwa na neno la kumjibu. Kwa suruali ana haki kabisa.

Halafu akauliza, “Nguo yenyewe ni mpya au imechoka?”

Nikampa kiraka. Alikishika juu kama nilivyofanya mimi dirishani, akakirudisha taratibu kwa mikono yote miwili.

“Basi usinisikilize mimi, mwanangu. Mimi nashona nguo mpya. Shona vipande, mpe mama yako afue, uone kipi kinakufa kwanza.”

22 Machi

Vipande vinne vya majaribio, kila kimoja miraba miwili iliyounganishwa kwa mshono mmoja:

kanga kuukuu kwa poliesta;
kanga kuukuu kwa pamba;
merikani mpya kwa poliesta;
merikani mpya kwa pamba.

Uzi wa pamba niliotumia ni kidonge kilichobaki tangu Mama alipokuwa akishona kofia. Kanga nimeikata kwenye zile mbili nilizoweka pembeni. Urefu wa mshono ni ule ule, milimita mbili na nusu, na sindano nimeshusha hadi namba 80. Namba hizo za sindano ni rahisi: 80 ni unene wa milimita 0.8, 90 ni 0.9. Kwa nguo iliyochoka, tundu dogo ni bora.

Kipande cha merikani na poliesta kimetoka cherehanini tayari kimekunyata kidogo. Sababu naijua: mkazo wa uzi wa juu ulikuwa wa kukaza, poliesta ikavutika wakati wa kushonwa, ikapumzika baada ya kutoka, ikaivuta nguo. Ningelegeza mkazo. Sikulegeza, nilitaka vyote vipite njia moja.

Atakayefua ni Mama. Nimemwomba afue kama kawaida yake, sabuni ya mche, kusugua nguo kwa nguo, kukamua, kuanika juani juu ya kamba. Akaniuliza kwa nini anafua matambara. Nikamwambia yanampima.

12 Aprili

Mara kumi za kufuliwa zimetimia. Nimeviweka vyote mezani.

Merikani zote mbili nzima. Ya pamba imelala sawa, ya poliesta bado imekunyata, lakini hakuna mshono uliokatika. Kama mfarishi wangu ungekuwa wa vitambaa vipya, ningesema chagua wowote unaoupata kwa urahisi, ulegeze mkazo, umalize kazi.

Kanga na pamba: uzi umekatika sehemu tatu, kila moja mishono miwili au mitatu. Nguo pembeni haina kitu. Nimeziba kwa sindano ya mkono kabla chai haijapoa.

Kanga na poliesta: uzi mzima, mzuri, unang'aa kama siku ya kwanza. Nguo ndiyo imekwisha. Matundu ya sindano yameungana, yamekuwa mstari mmoja, na mpasuko wa urefu wa kidole umefuata mshono kana kwamba mtu ameupimia rula. Nililiangalia jambo hili kwa muda mrefu. Uzi umesimama peke yake, umeshikilia ukingo mwembamba wa kanga upande mmoja, upande wa pili hakuna cha kushikilia.

Nimesikia mafundi wakisema poliesta inakata pamba kama kisu. Kwa nilichokiona, sidhani tatizo ni ukali. Ingekuwa ni kisu, merikani nayo ingekatika. Tatizo ni nani mwenye nguvu zaidi kati ya wawili waliofungwa pamoja. Mkono wa Mama unapokamua, lazima kitu kiachie, na kinachoachia ni kile dhaifu. Kwenye merikani mpya nguo inahimili. Kwenye kanga ya miaka arobaini, nguo ndiyo dhaifu. Uzi naweza kuununua tena. Kanga hiyo sina pa kuinunua.

Nimeamua: viraka vyote kwa pamba.

Kingine kinachonitia moyo ni kwamba pamba ikilowa huongezeka nguvu badala ya kupungua, na mfarishi huteswa zaidi ukiwa umelowa.

19 Aprili

Pamba imepatikana. Mdogo wangu alizunguka Kariakoo karibu mchana mzima. Maduka mengi walimjibu kwamba uzi ni uzi. Ameleta rili tatu za namba 50, nyeupe ya maziwa, na moja ngumu inayong'aa. Kwa mita moja, bei ni karibu mara tano ya uzi wa koni. Nimezichoma ncha zote nne kabla ya kushukuru, naye akanicheka. Zote jivu.

Ile ngumu imepakwa nta, ni ya kushonea mkono. Haifai cherehani kwa sababu nta hubanduka na kujaa kwenye visahani vya mkazo. Nimeiweka kando.

Hizi za namba 50 ni laini, na ukiangalia kwenye mwanga huoni vinyweleo vingi. Uzi mzuri wa pamba hutokana na nyuzinyuzi ndefu. Pamba yetu ya Usukumani, Shinyanga na Simiyu, ni ya urefu wa kati, kama milimita 28. Aina bora za Misri hupita 33. Kadiri nyuzinyuzi zinavyokuwa ndefu ndivyo ncha za kuchomoza zinavyopungua. Mng'ao wake nao una historia: John Mercer wa Lancashire aligundua mwaka 1844 kwamba pamba ikipitishwa kwenye soda kali hubadilika, ikawa na nguvu na kushika rangi vizuri zaidi, na wengine baadaye wakagundua kwamba ikivutwa wakati huo huo hung'aa.

Poliesta ni mtoto mdogo ukiilinganisha. Whinfield na Dickson waliitengeneza huko huko Uingereza mwaka 1941, wakaiita Terylene. Ndiyo zile suruali za terilini za baba zetu, zenye mkunjo usiotoka hata zikifuliwa. Siidharau. Haili maji, ukungu hauipati, na jua la pwani inalivumilia vizuri. Ningekuwa nashona mwavuli au begi la shule, nisingefikiria mara mbili.

Hesabu ya uzi: mishono ya kuunganisha viraka ni kama mita 47. Mshono wa cherehani hula uzi mara mbili na nusu ya urefu wake, wa juu na wa chini ukijumlishwa, na nguo ikiwa nene hula zaidi. Rili moja ya mita 200 inatosha viraka. Mbili zinabaki za kushikanisha tabaka.

3 Mei

Viraka 192 vimeungana. Mvua imenisaidia, hakuna aliyenitaka niende popote.

Usumbufu mmoja tu, nao nilikuwa nimeonywa: vumbi la pamba. Baada ya kila mistari minne sauti ya cherehani ilibadilika, ikawa nzito. Nikifungua bamba chini ya sindano nakuta unyoya mweupe umejipanga kwenye kasha la bobini na kati ya meno. Mswaki wa zamani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani, sauti inarudi. Mara moja nilichelewa kusafisha, nikauona uzi wa juu unakatika kila baada ya shubiri, nikadhani rili ni mbovu. Kumbe ni unyoya.

Mishono yote nimeilaza kwa pasi ya mkaa, yenye moto ule ule. Hakuna uliojikunja.

18 Mei

Tabaka tatu zimetandazwa sakafuni, merikani chini, blanketi, kisha uso wa kanga. Nimepiga bandi kwa uzi mwekundu wa mabaki ili nione wa kuutoa. Magoti yangu sasa yanamwelewa Mama.

Nilifikiria kwa muda nianzie wapi. Wengi huanza katikati na kwenda nje ili kusukuma mikunjo. Wanawake wa Siddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka upande huu wa Afrika, hushona mifarishi yao iitwayo kawandi kinyume chake: wanaanza ukingoni kwa mkono, wanazunguka, wanazunguka, mpaka wanafika katikati, na kwenye pembe wanaweka vitambaa vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua. Nimetamani sana kufanya hivyo. Lakini ni kazi ya mkono tupu, na Juni haingoji. Nimeanza katikati, kwa cherehani.

Hapa nilisita tena kuhusu uzi. Mishono ya kuunganisha viraka imejificha ndani. Hii ya kushikanisha tabaka iko juu, inasuguliwa na kitanda, na mwili, na ubao wa kufulia. Kuna sababu nzuri ya kutumia poliesta hapa. Nikajaribu kwenye mabaki, pamba juu na poliesta kwenye bobini. Tundu kwa tundu, uzi wa poliesta wa chini uliuvuta ule wa pamba, vidoti vyake vikaonekana nyuma ya merikani. Ningeweza kurekebisha mkazo nikafanikiwa. Nilichokiona tarehe 12 Aprili kilinizuia. Pamba juu, pamba chini, mshono nimeurefusha hadi milimita tatu kwa sababu ya unene, mistari miwili kando ya kila ungio.

24 Mei

Nimemaliza rili ya pili na karibu nusu ya tatu. Mkono wa kulia umevimba kidogo kwa kuzungusha gurudumu.

7 Juni

Ukingo. Hapa ndipo nimetumia poliesta, kwa kukusudia.

Mkanda wa kuzungushia nimeukata mshazari kutoka kitambaa kipya cha pamba, rangi ya zambarau iliyokoza, si kanga. Ukingo ndio unaoshikwa na kuvutwa, ndio Mama anaoukunja mkononi anapokamua. Nguo yake ni mpya na ina nguvu, na iliyokatwa mshazari inavutika, kwa hiyo inahitaji uzi unaojua kuvutika nao. Nimeenda kwa fundi akanipa uzi wa koni yake, amekataa hela. Mkazo nimelegeza robo duara. Umelala sawa kabisa, haukukunyata.

Nyuma, pembeni kulia, nimeshonea kipande cha jina kutoka kanga moja ya Bibi: WEMA HAUOZI. Hiki nimekishona kwa mkono, kwa ile rili ngumu ya nta. Nimekata urefu wa dhiraa moja tu kila mara, kwa sababu uzi wa pamba ukiwa mrefu unachakaa kwa kupita tunduni mara nyingi, unafika mwisho ukiwa na manyoya. Ulipoanza kulegea nilizidi kuupitisha kwenye kipande cha nta ya nyuki. Herufi ya O ina kovu dogo la moto wa zamani, labda cheche ya jiko. Nimeliacha, mishono imelizunguka.

15 Juni

Mama ameufua mara ya kwanza. Sikumsaidia, nilikaa kibarazani nikiangalia. Maji yake yalitoka na rangi kidogo ya kanga nyekundu. Alikamua akianzia ukingoni, nusu nusu, kama nilivyodhani, kisha tukaushika wawili tukautandaza juu ya kamba mbili ili uzito usivute upande mmoja.

Ulipokauka nimeukagua kiraka kwa kiraka. Ukingo salama. Karibu na pembe ya juu, kwenye kanga ya bluu iliyokuwa nyembamba kuliko zote, mishono miwili imekatika. Nimeingiza ukucha kando yake: nguo nzima, hakuna hata tundu lililopanuka.

Nilikuwa nanyanyuka kufuata sindano. Mama ameshaikuta, ameshavaa miwani, ananiambia nimkatie uzi, ule wa pamba, usiwe mrefu.